UZI: Sala imekauka na imani inayumba. Ufanye nini kabla hujahama kanisa

Mzee wa Usharika (Iringa)

Wakuu, kamwene.

Uzi huu ni wa yule ambaye bado anakwenda ibadani, bado anatoa ahadi yake, jina lake bado limo kwenye kwaya, lakini akipiga magoti nyumbani maneno hayatoki. Akifungua Biblia macho yanapita juu ya mistari na hakuna kinachobaki. Wengine wamefika mbali zaidi: wanajiuliza kama Mungu yupo kweli, na wanaogopa hata kulitamka swali hilo mbele ya mke au mume.

Mtu wa hali hii akithubutu kusema, hupewa jibu moja kati ya matatu: funga siku tatu, una dhambi umeificha, au nenda kwa mtumishi fulani akufungue. Kila jibu linaweza kumfaa mtu fulani siku fulani. Tatizo ni kwamba yanatolewa kabla mhusika hajaulizwa swali hata moja.

Tunaposema "nimepoa kiroho" tunafunika kwa neno hilo mambo yasiyofanana: mwili uliochoka, dhambi ambayo mtu anaijua na hataki kuiacha, ukavu wa sala wenyewe, maswali ya akili, na dhamiri inayojihukumu kupita kiasi. Dawa ya moja hudhuru lingine. Mfungo wa siku tatu humsaidia mzembe. Ukimpa mtu ambaye hajalala vizuri kwa mwezi mzima, unammaliza.

Anza na mwili, kwa sababu ndiko Mungu alikoanzia kwa Eliya. Soma 1 Wafalme 19 polepole. Nabii ametoka kushinda mlima Karmeli, anakimbia, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Hakuhubiriwa. Alilala, malaika akamgusa, akala mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Ndipo akatembea siku arobaini hadi Horebu, na ndipo likaja swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Chakula mara mbili na usingizi mara mbili vilitangulia swali.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, jiulize kwa wiki mbili zilizopita: unalala saa ngapi? Unakula mara ngapi? Je, Ijumaa unakesha, Jumamosi unashinda shambani, Jumapili uko kanisani tangu saa moja asubuhi hadi mazoezi ya kwaya jioni? Ratiba ya namna hiyo ikiendelea miezi mitatu, usishangae sala kukauka. Punguza kitu kimoja kwa mwezi mmoja, kwa kuaga viongozi wako vizuri, kisha pima tena.

Dhambi inayojulikana ina alama yake: ukavu una tarehe. Ulianza baada ya jambo fulani, na kila ukiomba kuna mada moja unaizunguka. Hapo usitafute mbinu za sala. Kama ni fedha ya VICOBA uliyoikalia, irudishe au kakubaliane na wenzako namna ya kurudisha, kisha kaungame. Zakayo katika Luka 19 hakuishia kulia, alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu.

Haya mengine nawaachia wenye ujuzi nayo. Karibuni.

Katekista wa Milimani (Tosamaganga)

Tumsifu Yesu Kristo. Mzee, umeanza vizuri. Nichukue ukavu wenyewe.

Yohane wa Msalaba, padre Mkarmeli wa Hispania aliyefariki mwaka 1591, alitoa alama tatu za kuutambua, na alitaka zionekane zote kwa pamoja.

Ya kwanza, mtu haonji utamu katika mambo ya Mungu, na wala hauonji kwingine. Huyu tofauti yake na aliyepoa ni kwamba aliyepoa amepata utamu mahali pengine: biashara, simu, baa, mpenzi. Ya pili, anahangaika. Anadhani anarudi nyuma na inamuuma. Mtu vuguvugu haumii, ndiyo maana haulizi. Ya tatu, kutafakari kwa picha na mawazo kama zamani hakuwezekani tena hata akijikaza. Alikuwa akisoma habari ya mwana mpotevu anaona barabara, anaona baba anakimbia. Sasa haoni kitu.

Mtakatifu huyo mwenyewe alionya kwamba alama ya kwanza ikiwa peke yake inaweza kutokana na ugonjwa. Karne ya 16 hiyo! Wapo watumishi wa leo ambao hawajafika hapo.

Ukiona zote tatu, kosa linalofanywa na wengi ni kuongeza maneno: rozari tatu badala ya moja, novena juu ya novena, sauti juu zaidi. Yeye alishauri kinyume chake. Usijilazimishe kutafakari. Kaa kimya mbele ya Mungu ukimwelekea kwa upendo, hata kama huhisi upendo huo. Kwa vitendo: dakika kumi, kiti au mkeka ule ule, saa ile ile, na neno moja tu la kurudia mawazo yanapotangatanga. "Yesu" latosha. Mawazo yatatangatanga, usiyahesabu. Kila ukigundua umeondoka, rudi bila kujikaripia.

Nyongeza kutoka kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola: wakati wa ukiwa, yaani moyo unapokuwa mkavu na wenye giza, kama ulipanga kukaa muda fulani katika sala, zidisha kidogo badala ya kupunguza. Ulisema dakika kumi, kaa kumi na moja. Ile moja inaufundisha mwili kwamba kuchoka si amri.

Na kanuni yake kubwa, ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila kigango: wakati wa ukiwa usibadili uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Usiache wito, usivunje uchumba, usihame kanisa, usijiuzulu uongozi. Subiri mwanga urudi, ndipo uamue.

Kijana wa Mafiati

Katekista, shikamoo. Hiyo kanuni ina utata. Mtu aliyekwishaamua kuacha kwaya na kuhamia huduma nyingine pale Mwanjelwa, asubiri mpaka lini? Na kama kanisa lenyewe ndilo linalomkausha?

Katekista wa Milimani (Tosamaganga)

Marahaba. Swali la haki.

Kanuni inazuia uamuzi unaosukumwa na giza. Haimfungi mtu mahali panapomdhuru. Kama kiongozi anawataka mabinti kimapenzi, kama mtu anapigwa "ili pepo atoke", kama anaamriwa kuuza kiwanja alete mbegu, hapo hakuna cha kusubiri. Anatoka leo, na palipo na jinai anakwenda polisi, dawati la jinsia.

Lakini kama sababu ni "sihisi kitu", "mahubiri hayanigusi", "kwaya imejaa majungu", aweke tarehe. Miezi mitatu inatosha kwa wengi. Katika miezi hiyo aendelee na wajibu wake wa kawaida, aandike kila jioni mstari mmoja, na azungumze na mtu mmoja mwenye busara ambaye hana maslahi na pande zote mbili. Tarehe ikifika, atazame: je, wazo la kuhama linamjia akiwa ametulia pia, au linamjia tu akiwa amechoka na amekasirika? Likija katika utulivu, mara kwa mara, bila hasira, ahame kwa amani na aage.

Mstari huo wa jioni unatokana na zoezi la Inyasi la kuipitia siku. Lina hatua tano: shukuru kwa kitu mahsusi cha siku hiyo (si "asante kwa uhai", bali "asante kwa jirani aliyenisaidia kuvuna"), omba mwanga, pitia siku tangu kuamka hadi sasa, tubu palipoharibika, panga kesho. Zoezi kamili huchukua robo saa hivi. Kwa mtu mkavu dakika tano zinatosha, na aandike mambo mawili tu: saa gani leo nilikuwa hai, na saa gani nilinyauka. Baada ya wiki mbili asome yote kwa mkupuo, mchoro utajitokeza. Wapo watakaogundua kwamba unyonge wao wote uko kwenye saa mbili za usiku za kutazama simu kitandani.

Mama Mchungaji (Tukuyu)

Amani kwenu nyote. Mmesahau chombo ambacho Biblia yenyewe imekiweka mezani: maombolezo. Karibu theluthi ya Zaburi ni malalamiko kwa Mungu, lakini ibada zetu nyingi zinakwenda na Zaburi za sifa tu, kwa hiyo mtu akiwa na uchungu anakosa maneno, anadhani kulalamika ni kukufuru.

Tumia Zaburi 13. Ni fupi, aya sita, na mifupa yake inaonekana wazi. Aya ya 1 na 2 ni lalamiko: "hata lini" inarudiwa mara nne. Aya ya 3 na 4 ni ombi. Aya ya 5 na 6 ni tumaini na ahadi ya kuimba.

Chukua ukurasa wa daftari. Juu andika jina unalomwitia Mungu. Kisha andika lalamiko lako kwa kuanza kila sentensi na "hata lini", angalau nne, na kila moja itaje kitu. "Hata lini mambo yatakuwa magumu" haisaidii, ni ya jumla mno. "Hata lini nitaombea ada ya Upendo na jibu lisije" ndiyo yenyewe. Kisha ombi moja tu. Kisha sentensi moja ya tumaini, hata iwe nyembamba. Kama haipo, acha nafasi tupu na tarehe, utairudia.

Watu huharibikiwa hapa: wanakimbilia aya ya 5. Mkristo wetu amefundishwa kumaliza kwa "lakini Bwana ni mwema", basi anaandika lalamiko nusu mstari na tumaini ukurasa mzima. Huo ni uongo wa heshima, na moyo unaujua. Kaa kwenye lalamiko hadi liishe, hata kama ni siku tano.

Na ikiwa tumaini haliji kabisa, soma Zaburi 88. Inaanza kwa kumwita "Mungu wa wokovu wangu" na inaishia gizani, bila mstari wa kufariji mwishoni. Waliokusanya maandiko waliiacha vile vile. Kwa hiyo sala inayoishia gizani nayo ni sala halali.

Jambo moja la hapa kwetu: andika kwa lugha ya nyumbani. Mtu aliyelelewa kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, ukimpa Kiswahili cha kanisani anaandika mahubiri. Mpe lugha aliyolilia utotoni, utaona tofauti ndani ya mistari miwili.

Ukishaandika, soma kwa sauti, mara moja, chumbani. Usiirushe kwenye grupu la WhatsApp la umoja wa wanawake. Usije ukaniambia sikukuonya.

Mwombaji Moto

Naona mnazungukazunguka. Kushindwa kuomba ni pepo. Tena ni pepo wa ukoo kwa watu wengi wa mikoa hii, mababu walikuwa na matambiko. Afungwe na afunguliwe, basi. Haya ya madaftari ni elimu ya kidunia.

Katekista wa Milimani (Tosamaganga)

Mtumishi, karibu. Sitakubishia kwamba pepo wapo, Injili zinawataja. Ila tuangalie waliopambana nao walifanyaje.

Evagrius wa Ponto, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya pepo wa uvivu wa roho, akamwita pepo wa adhuhuri kutokana na Zaburi 91:6. Alisema huanza kushambulia saa nne na kumzingira mtu mpaka saa nane, na hesabu yake ya saa ni hii hii yetu: saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Dalili alizotaja: jua linaonekana halisogei, mtu anachungulia nje mara kwa mara, anachukia mahali alipo na kazi yake, anawaza kwamba ndugu hawapendani tena, na anaota mahali pengine ambako kumpendeza Mungu kungekuwa rahisi. Mwonyeshe maelezo hayo mtu yeyote anayetaka kuhama kanisa kwa mara ya tatu mwaka huu.

Sasa dawa yake. Usiondoke mahali pako. Fanya kazi ya mikono. Jipangie kiasi katika kila jambo na usikiache kabla hujakimaliza. Jigawe nafsi mbili, moja iifariji nyingine kwa maneno ya Zaburi 42: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Hakuna mahali alipoagiza mtu apigiwe kelele sikioni au asukumwe aanguke.

Kwa hiyo hata ukisema ni pepo, bado mtu atahitaji saa maalumu ya sala, jembe mkononi, na aya ya kujisemea. Anayeombewa Jumapili na Jumatatu akarudi kwenye maisha yasiyo na mpangilio, Jumatano atakuwa pale pale.

Mwombaji Moto

Hapo kwenye Jumatatu umenigusa. Lakini maombezi msiyadharau.

Mama Mchungaji (Tukuyu)

Hayadharauliwi, mwanangu. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Mgonjwa ndiye anayeita. Si kumvizia.

Muuguzi wa Akili (Mbeya)

Habari zenu. Naomba mnisome kwa makini hapa, maana ndipo watu wanapopotea.

Sonona inaweza kuvaa sura ya ukavu wa kiroho. Kipimo cha kuanzia: huzuni au kutofurahia chochote, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mengine kama usingizi kuvurugika (kuamka saa tisa usiku na kushindwa kurudi kulala ni alama ya kawaida), hamu ya chakula kubadilika, nguvu kuisha, akili kutotulia, kujiona hufai, kuwaza kifo. Angalia tofauti: mwenye ukavu wa sala peke yake anaweza kucheka na watoto wake na kazi yake inakwenda. Mwenye sonona hata ugali anaoupenda haumwambii kitu.

Mwenye dalili hizo aende hospitali ya wilaya au ya rufaa na aombe kuonana na kitengo cha afya ya akili. Vipimo vingine pia vifanyike, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana. Akipewa dawa, ajue kwamba nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla nafuu haijaonekana, wakati kichefuchefu na usingizi wa ajabu vinaweza kuja siku za mwanzo. Hapo ndipo wengi wanaziacha na kusema "hazifanyi kazi". Na asiziache ghafla kwa sababu mtu amemwambia amepona madhabahuni. Kama kweli amepona, daktari ataona na atazipunguza kwa utaratibu.

Anayesema anataka kufa, au anayeanza kugawa vitu vyake na kuaga watu: usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu za shambani na dawa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

La pili ni dhamiri inayojihukumu kupita kiasi. Huyu anaungama dhambi ile ile mara tano. Akimaliza kusali anarudia kwa kuhofia alikosea neno. Matusi juu ya Yesu au Roho Mtakatifu yanamjia kichwani wakati wa ibada na anaamini ametenda dhambi isiyosamehewa. Hilo wazo lilikuja bila kualikwa, na kumtisha kwake kunaonyesha hakulitaka. Kosa ni kupambana nalo: kukemea, kurudia sala, kuuliza watu kumi kama amesamehewa. Kila akitulizwa anatulia saa moja, kisha hamu ya kuuliza inarudi na nguvu zaidi. Utaratibu unaosaidia: awe na mshauri mmoja tu, akishaungama jambo, hairuhusiwi kulirudia, sala ikishasemwa imesemwa, hata kama ulimi ulijikwaa, wazo likija aliache lipite huku akiendelea na alichokuwa akifanya. Ikiwa marudio yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, ni suala la kliniki, na lina tiba.

Mfungo wa kavu (bila chakula wala maji) usipewe mtu wa kundi lolote kati ya haya mawili.

Mzee wa Usharika (Iringa)

Muuguzi, ubarikiwe. Nakazia kwa upande wa Walutheri: Martin Luther mwenyewe alipigana na majaribu makali ya moyo, na mwaka 1539 aliandika kwamba mambo matatu humfanya mtu kuwa mwanateolojia: sala, kutafakari Neno, na majaribu. Majaribu aliyahesabu kuwa sehemu ya masomo yenyewe.

Na katika Katekisimo Ndogo ya 1529 aliweka utaratibu mwepesi kabisa, unaomfaa hasa mtu aliyekauka. Asubuhi ukitoka kitandani: ishara ya msalaba, Imani ya Mitume, Baba Yetu, na ukipenda sala fupi, kisha nenda kazini kwa furaha. Jioni hivyo hivyo, kisha lala mara moja. Usikeshe ukijichunguza. Yote hayachukui dakika tano, na hayategemei unavyojisikia kwa sababu maneno umepewa.

Mwanachuo Mbeya

Wakuu, kwa sisi wa vyuoni shida si ukavu. Ni maswali. Mateso ya wasio na hatia, sayansi, Biblia ilivyoandikwa, wachungaji wanaotajirika. Tukiuliza kwenye fellowship tunaambiwa tuna roho ya uasi. Mtu afanyeje asipoteze imani na asijifanye mjinga?

Mama Mchungaji (Tukuyu)

Mwanangu, asikuambie mtu kwamba swali ni uasi. Yohana Mbatizaji akiwa gerezani alituma watu wamuulize Yesu kama ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine (Mathayo 11). Hakukaripiwa. Alipewa ushahidi wa kuutazama, na mara tu wajumbe walipoondoka Yesu akamsifu mbele ya makutano.

Mwangalie na Tomaso, Yohana 20. Alisema hataamini mpaka atie kidole. Siku nane baadaye alikuwa wapi? Ndani ya nyumba ile ile, pamoja na wenzake. Alikaa na shaka yake miongoni mwa waamini, na wenzake hawakumfukuza. Funzo la kwanza kwako ni hilo: uliza, lakini usijitenge. Jumapili sema Imani ya Mitume pamoja na wengine hata kama leo unaweza kusema kwa uhakika mistari miwili tu, iliyobaki wenzako wanaibeba.

La pili, swali liandikwe kwa sentensi moja. "Siamini tena" si swali. "Kwa nini Injili nne zinatofautiana kuhusu waliokwenda kaburini?" ni swali, na lina watu waliolishughulikia. Ukishayaandika, yatenge: ya historia na maandiko, ya sayansi, ya mateso, ya mwenendo wa viongozi. Utashangaa jinsi mengi yanavyoangukia kundi la mwisho, na hilo linahitaji haki na uwajibikaji, vitabu vya kuitetea imani havitalimaliza. Chukua moja kwa mwezi. Ukiyabeba yote kwa pamoja usiku wa manane, yatakushinda. Tafuta aliyesoma: mchungaji mwenye shahada, padre mwalimu, mhadhiri wa teolojia pale Teofilo Kisanji au Chuo Kikuu cha Iringa. Mwombe nusu saa na umpelekee swali moja.

La tatu, na hili ndilo kubwa kwangu. Andika ahadi unayodhani Mungu ameivunja. Kisha itafute kwenye Biblia. Vijana wengi hawajaangushwa na Mungu, wameangushwa na ahadi ambayo hakuitoa: kwamba ukitoa mbegu Januari utapata kazi Juni, kwamba anayeamini hafiwi. Ukiikosa ahadi hiyo kwenye maandiko, unayo ruhusa ya kuacha kuiamini, na kilichobaki ndicho cha kupimwa. Ukiikuta, basi una haki ya kumdai, kwa Zaburi 13.

Sala ya mtu wa hali yako ipo tayari, Marko 9:24, baba wa mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto aliponywa kwa imani hiyo ya nusu nusu.

Kijana wa Mafiati

Mmesema mara kadhaa "mtu mmoja wa kuzungumza naye". Huyo anapatikanaje? Mtaani kwetu ukimwambia mtu Jumamosi, Jumatatu stendi nzima wanajua.

Katekista wa Milimani (Tosamaganga)

Mjaribu kwanza na jambo dogo. Mwambie jambo lisilo na madhara, ukiomba abaki nalo, usubiri mwezi. Likirudi kwako kwa mdomo mwingine, umeokoka.

Anayefaa ana sifa hizi: anasali mwenyewe, anasikiliza zaidi ya anavyosema, anaweza kusema "hili silijui, nenda hospitali", na hakutegemei kwa fedha wala wewe humtegemei. Kwa Wakatoliki, kilichosemwa kwenye kitubio kinalindwa kabisa, padre hawezi kukitoa kwa sababu yoyote. Kwa hiyo jambo zito lianzie pale, hata kwenye parokia ya mbali.

Onaneni mara moja kwa mwezi, dakika arobaini na tano hivi, mahali panapoonekana na watu lakini hapasikiki: benchi la nje ya kanisa, varanda ya ofisi. Hasa kama ni mwanamume na mwanamke. Njoo na daftari na mambo mawili, usije na kumi. Mazungumzo ya kila siku kwa simu si usindikizaji, hayo yanajenga utegemezi.

Kimbia ukiona haya: anaomba fedha kwa kila maombi, anataka picha ya mwenza wako, anakuzuia kuongea na wengine, anakuambia uache dawa, anakupa ndoto zake juu ya maisha yako kama amri. Inyasi alisema adui hupenda siri zisizofunuliwa kwa mshauri mwema. Mshauri anayekutaka umfiche, yeye mwenyewe ameshajieleza.

Mwanachuo Mbeya

Asanteni sana. La mwisho: mtu atajuaje anakua, kama hisia hazirudi? Huenda zisirudi kabisa.

Mzee wa Usharika (Iringa)

Huenda. Mama Teresa wa Calcutta aliishi na ukavu huo karibu miaka hamsini. Dunia iliujua kwa upana barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Muda wote huo wagonjwa waliendelea kuhudumiwa.

Pima kwa matunda ya Wagalatia 5:22, na upimiwe na watu wa nyumbani, usijipime mwenyewe. Muulize mke, mume au mwenzako wa chumba: kwa miezi mitatu hii hasira yangu imeongezeka au imepungua? Naomba radhi haraka au kwa kuvutwa? Naweza kumtaja kwa jina aliyenidhulumu nikamwombea heri? Je, naweza kukaa na mtu mwenye shida bila kumrushia aya? Hili la mwisho ni alama nzuri sana. Mtu aliyepita kwenye giza huacha kuwapa wengine majibu ya haraka.

Mwanachuo Mbeya

Na wa kuanzia kesho asubuhi asome nini? Biblia ni kubwa.

Mama Mchungaji (Tukuyu)

Kama nyumbani kuna kijitabu cha mafungu ya kila siku cha Wamoravian, kitumie. Utaratibu huo ulianza Herrnhut, Ujerumani, na umechapwa kila mwaka tangu 1731. Unapewa aya moja ya Agano la Kale na moja la Jipya, huhitaji kuchagua, na aliyekauka hafai kuachiwa kuchagua, maana atazunguka kwenye zile zile anazozijua.

Kama hakuna, anza Injili ya Marko. Sura 16, nusu sura kwa siku, mwezi mmoja umemaliza. Soma kwa sauti. Usitafute fundisho. Tafuta mtu mmoja katika kisa ambaye leo unafanana naye, andika jina lake au "yule mwenye ukoma", na andika alichomwambia Yesu. Mstari mmoja. Kisha Baba Yetu, na uwahi kipindi. Siku ukikosa, usilipe deni la jana, endelea palipo na alama.

Mwanachuo Mbeya

Nimeelewa, Mama. Kesho Marko 1, aya ya 1 mpaka 20.

Mama Mchungaji (Tukuyu)

Mpaka 22, umalizie walipoingia sinagogi. Na simu iache chumba kingine.